Mita 160 kutoka Makunduchi: shajara ya kusaka hamoniki

2 Juni 2024: eriali imepanda

Shajara hii ni ya kituo changu cha redio ya ridhaa (ya wapenzi wa redio, si ya biashara) hapa Makunduchi, kusini ya Unguja. Leseni ninayo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, amplifaya nimeiunda mwenyewe, na masafa ninayoyataka ni ya mita 160, yaani kuanzia 1.810 MHz. Haya ni masafa ya usiku. Mchana hayaendi mbali, na msimu wa radi yanajaa ngurumo tupu, ndiyo maana nimewahi kipupwe.

Amplifaya ni transista mbili za IRF510 zinazopokezana. Inaingia wati 5, inatoka wati 50. Eriali ni ya umbo la L iliyopinduliwa: mita 15 zinapanda na mnazi, mita 24 zinakwenda ulalo hadi mnazi wa pili ulio karibu na uga wa majirani. Jumla mita 39, robo ya wimbi kwenye 1.830 MHz. Vihami nimekata kwenye kibao cha plastiki cha kukatia nyama. Chini nimelaza nyaya nne za ardhini, kwa sababu nondo ya kuchimbia haikuingia. Huku kwetu ni maweni. Nondo ilizama kiasi cha kiganja, ikagonga jiwe, ikapinda.

SWR, kipimo cha nguvu zinazorudishwa na eriali (1 ni kamili), ni 1.3 kwenye 1.830. Nilifurahi sana, na huko mbele itaonekana kwamba sikuwa na sababu.

Gharama: roli ya waya sh. 65,000, mkwezi minazi miwili sh. 20,000, kibao sh. 4,000.

6 Juni: kusi

Waya umekatika usiku wa pili. Mnazi mmoja ukiyumba kulia na mwenziwe kushoto, hakuna waya utakaovumilia. Nimetia kapi ya ngalawa kwenye mnazi wa mbali, kamba inapita humo, na mwisho wake linaning'inia dumu la lita 5 lenye mchanga. Upepo ukivuta, dumu linapanda, ukiachia linashuka. Tangu hapo waya umetulia. Kapi, kamba na mkwezi mara nyingine: sh. 28,000.

9 Juni: nimeitwa kwa sheha

Nilikuwa na mazungumzo matatu tu ya Morse kwenye kitabu changu pale mjumbe alipokuja kuniambia sheha ananitaka. Nilipofika nikamkuta mzee jirani yangu amekaa na redio yake ya betri mapajani, kaifunika kitambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo mashine yako inanipigia mluzi. Jana habari nzima nimeikosa."

Sheha hakuwa na maneno mengi. "Mwanangu, mzee huyu usiku hana kazi nyingine ila redio. Kaeni mzungumze."

Tukakaa. Mzee anasikiliza idhaa za nje kwenye mawimbi mafupi, mita 41. Anasema mluzi ni mwembamba na unakatika vipande vipande, vingine virefu vingine vifupi, na unaanza baada ya sala ya Isha. Basi hapo sikuwa na la kujitetea. Vipande virefu na vifupi ni Morse, na Morse hapa kijijini ni mimi peke yangu.

Nikapiga hesabu kwenye kiganja. Kila mtambo wa redio, pamoja na wimbi la msingi, hutoa na mafungu yake: mara mbili, mara tatu, mara nne. Hizo ndizo hamoniki. Mimi nikiwa kwenye 1.830, ya pili ni 3.660, ya tatu ni 5.490, ya nne ni 7.320. Masafa ya 7.200 hadi 7.450 ni ya utangazaji, ndiyo mita 41 za mzee.

Usiku huohuo tukajaribu. Nilitoa eriali, nikafunga mzigo bandia, kile kizuizi cha omu 50 kinachokula nguvu zote bila kuzirusha. Nikabonyeza. Mzee kimya. Nikarudisha eriali. Mzee akapiga kelele kutoka barazani kwake, "Ndiyo huo!"

Nikahitimisha kuwa kichujio changu, kile cha kuzuia hamoniki mtamboni, ni kibovu. Kweli kilikuwa kibovu, ila mluzi wa mzee haukutoka hapo, na ilinichukua miezi miwili kulijua hilo.

19 Juni: kipimo kinachosema uongo

Sikukuu imepita, kazi imerudi. Nimenunua tinySA, kipima spektra kidogo cha mfukoni, sh. 190,000 mpaka mkononi. Ndicho kifaa ghali kuliko vyote katika mradi huu, na ningekuwa nacho tangu mwanzo nisingemsumbua mtu.

Kipimo cha kwanza kilinitoa jasho: hamoniki ya pili iko desibeli 33 tu chini ya wimbi la msingi (kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi). Kanuni za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa redio ya ridhaa chini ya 30 MHz, kwa nguvu kama zangu, zinataka desibeli 50. Marekani wao wanataka 43. Kwa hesabu hiyo mimi ni mhalifu kila mahali.

Nikakesha nikifungua na kufunga kichujio, namba haiondoki kwenye 33. Hilo ndilo lililopaswa kunishtua: unabadilisha koili, matokeo hayabadiliki hata chembe. Wati 50 ni +47 dBm, yaani desibeli 47 juu ya miliwati moja. Mimi niliipunguza kwa desibeli 40 nikaona inatosha, kwa hiyo tinySA ilikuwa inapokea +7. Haiungui kwa hapo, lakini inalewa. Kifaa kilichojazwa kupita kiasi hutengeneza hamoniki zake chenyewe, kisha kinakuonyesha wewe kana kwamba ni zako.

Jinsi ya kumkamata mwongo huyu ni rahisi. Ongeza kipunguzi kati ya mtambo na kipimo. Hamoniki ikiwa ni ya mtambo, itashuka sawasawa na wimbi la msingi. Ikiwa ya pili inatengenezwa ndani ya kipimo, itashuka maradufu. Nilitia desibeli 20 zaidi: wimbi la msingi likashuka 20, hamoniki ya pili ikashuka karibu 40. Namba ya kweli, mtambo ukiwa baridi, ni 52 chini kwa ya pili na 60 chini kwa ya tatu.

Yaani niko ndani ya kanuni. Na mzee bado anasikia mluzi.

30 Juni: kapasita za senti

Neno "mtambo ukiwa baridi" nililiandika bila kufikiri. Leo nimepima mtambo ukiwa umefanya kazi dakika kumi mfululizo. Ya pili imepanda mpaka 38 chini, ya tatu mpaka 47. Kichujio kilekile, siku ileile.

Nikakigusa kwa kidole. Koili ni vuguvugu, kapasita hazishikiki. Zilikuwa vile visahani vya kauri vya rangi ya udongo, nimevipata kwa fundi wa redio mjini, jumla sh. 6,000. Vimeandikwa 222 na 821, ndiyo pF (pikofaradi) 2,200 na pF 820, na vikiwa baridi thamani ni hiyo. Kauri ya namna hii ikipata moto thamani inaporomoka. Kapasita ya 2,200 niliyoipima ikiwa bado inachoma ilisoma kama 1,500. Thamani ikishuka, mpaka wa kichujio unapanda juu, na hamoniki ya pili inapita mlangoni bila hodi.

Kwa anayetaka kuiga, kichujio kipya ni cha vipande saba. Kapasita za pembeni mbili za pF 820, za kati mbili za pF 2,200, zote za mika ya fedha, volti 500. Koili tatu kwenye pete za unga wa chuma za T106-2: mizunguko 18, 20, 18, zinazotoa takriban µH (mikrohenri) 4.4, 5.5 na 4.4. Ukiwa na wati 5 tu pete ndogo za T50-2 zinatosha, mizunguko 30, 34, 30. Nimeweka pete tatu kwa pembe tofauti ili zisisikilizane. Pete na mika, pamoja na kuziagiza: sh. 58,000.

Baada ya dakika ishirini za kubonyeza: ya pili 54 chini, ya tatu 62, ya nne imezama kwenye makelele ya kipimo, zaidi ya 75 chini. Kapasita zinashikika.

Nikampigia hodi mzee kwa furaha. Tukasubiri Isha. Mluzi uko palepale. Umepungua kidogo, anasema, lakini nadhani alisema hivyo kwa kunionea huruma.

14 Julai: bonde la pili

Nimeazima NanoVNA, kifaa cha kupima eriali, kwa rafiki wa mjini. Badala ya kutazama 1.8 peke yake, nimepitisha kipimo kutoka 1 hadi 15 MHz, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ningepaswa kulikumbuka kabla hata ya kumwita mkwezi.

Mchoro una bonde, yaani SWR ndogo, kwenye 1.83, vizuri. Kisha mlima mkubwa kwenye 3.6. Kisha bonde la pili, refu, karibu na 5.6. Kwenye 5.490 SWR ni 1.9. Eriali yangu inaitikia hamoniki ya tatu karibu vizuri kama inavyoitikia wimbi langu mwenyewe. Waya ulio robo ya wimbi kwenye 1.83 ni robo tatu ya wimbi kwenye 5.49, na robo tatu nayo huitikia. Hamoniki ya pili inakuta nusu wimbi, ukinzani mkubwa, inarudishwa. Ya tatu inafunguliwa mlango na kukaribishwa ndani.

Si hilo tu. Kwenye mita 160 eriali ya mtu wa kawaida ni fupi mno. Kimo cha mita 15 si hata sehemu ya kumi ya wimbi. Kwa hesabu yangu, ukinzani wa kurusha wa waya wangu ni kama omu 11. NanoVNA inasoma omu 38 kwenye shina la eriali. Omu 27 zilizobaki ni hasara ya ardhi, ni mawe ya Makunduchi yanayopashwa moto. Kati ya wati 50, 14 tu zinakwenda hewani. SWR ya 1.3 niliyojisifia mwezi uliopita ilitokana na ubovu huo. Lakini kwenye 5.49 waya huohuo ni mrefu, unarusha kwa raha, na ardhi inakula kidogo tu. Kwa hiyo ardhi inalipunguza wimbi la msingi na kuiacha hamoniki ipite. Anayepima kwenye plagi ya mtambo hawezi kuliona hili kamwe.

Nilitaka namba. Nikachukua kitanzi kidogo cha waya, tinySA, nikasimama chini ya mti wa mkungu ulio kama mita 80 kutoka kwenye eriali, kijana wa ndugu yangu akibonyeza. Hamoniki ya tatu: 47 chini. Kwenye plagi ni 62. Tofauti ya desibeli 15! Nusu saa nzima nilikuwa nimeshajitangazia msiba, mpaka nikakumbuka kuwa kitanzi chenyewe kinapendelea masafa ya juu. Masafa yakiwa mara tatu, kitanzi kisichorekebishwa hutoa volti mara tatu, ambazo ni desibeli 9.5. Ukiziondoa inabaki 57 chini. Eriali imeongeza 5 hivi. Hilo linaingia akilini.

57 iko ndani ya kanuni. Lakini nikarudi nyuma kuhesabu mwezi wa Juni, kapasita za kauri zilipokuwa zinachoma: 47 kwenye plagi, kwa hiyo kama 42 hewani. Wati 14 zikishushwa desibeli 42 ni karibu miliwati moja. Unaweza kusema miliwati ni kitu gani. Wapenzi wa redio wanavuka bahari kwa miliwati chache. Na masafa ya 5.480 hadi 5.680 yametengwa kwa mawasiliano ya ndege. Mimi nilikuwa 5.490, kila usiku, wiki tatu.

Nimezima. Sirushi tena kwenye eriali hii, ila majaribio mafupi, mpaka hilo litoke.

Rafiki aliniambia nishuke tu 1.815, hamoniki ya tatu itakuwa 5.445, nje ya masafa ya ndege. Nimeshashuka kwa majaribio. Lakini huko ni kufagia taka za uani kwako na kuzisukumia kwa jirani wa upande wa pili.

28 Julai: nyaya za ardhini, na mtego

Wiki ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, hapa mkwezi hapatikani, na usiulize. Kazi za juu zimesubiri, nimefanya za chini.

Nyaya za ardhini sasa ni 16, za mita 15 kila moja, waya chakavu wa kununua kwa kilo, sh. 48,000. Nimezilaza juu ya mawe na kuzibana kwa vijiwe. Ukinzani wa shina umeshuka kutoka omu 38 hadi 27. Maana yake ufanisi umepanda kutoka asilimia 29 hadi 41, wati 20 hewani badala ya 14. Na SWR imeharibika, kutoka 1.3 hadi 1.85. Najua watu waliong'oa nyaya zao za ardhini kwa sababu hiyo, wakidhani wameharibu. Using'oe.

Kuirudisha 27 kwenye 50 kuna njia mbili. Ya vitabuni mara nyingi ni kufupisha waya kidogo na kutia koili kutoka shina hadi ardhi. Nilianza hivyo, µH 4.7, ikakaa sawa, nikapima hewani na hamoniki ya tatu haikusogea hata desibeli moja. Bila shaka, koili kwenda ardhini huziba chini na kuachia juu. Kwa masafa ya juu ni kama haipo.

Nikageuza. Nimerefusha waya kwa mita moja na robo ili uwe na tabia ya koili, na kwenye shina nikaweka kapasita ya pF 1,600 kwenda ardhini. SWR ileile, 1.1, lakini sasa kinachoziba kinaziba juu. Hamoniki ya tatu ikashuka desibeli chache.

Hapo ndipo likanijia wazo ambalo nalipenda kuliko yote katika mradi huu. Kapasita ile inahitajika kwenye 1.83 tu. Kwenye 5.49 naweza kuifanya chochote nitakacho. Basi nikaipunguza hadi pF 1,430 na kuifungia kwa mfululizo koili ndogo ya µH 0.59. Kwenye 1.83 vile viwili pamoja vinafanana na kapasita ya 1,600 hasa, eriali haioni tofauti. Kwenye 5.49 koili na kapasita vinafutana, na kinachobaki ni waya mtupu kutoka shina hadi ardhini. Hamoniki ya tatu inafika mlangoni na kutumbukia shimoni.

Kapasita ni mika tatu sambamba, 1,000 na 390 na 39, sh. 12,000. Koili ni mizunguko mitano ya waya wa 1.5 kwenye kipande cha bomba la PVC la milimita 32, umeivuta mpaka urefu wa kama sentimita tatu. Irekebishe kwa NanoVNA kabla ya kuifunga eriali: ivute au ibane mpaka shimo liangukie 5.49. Yangu mara ya kwanza ilianguka 5.1 kwa sababu miguu ya kapasita niliiacha mirefu kama ya kamba koche. Nimeikata, ikapanda.

Vipimo chini ya mkungu: desibeli 24 zaidi. Kutoka 57 hadi 81 chini, pale ambapo tinySA yangu inaanza kubahatisha.

Nimeongeza na kizuizi cha mkondo wa nje wa koaksi, kebo inayotoka mtamboni kwenda kwenye eriali: mizunguko 17 ya RG-58 kwenye pete ya FT240-31, sh. 35,000. Hamoniki iliyokataliwa na mtego inarudi, na ikirudi isipewe nafasi ya kutembea juu ya ganda la waya na kuufanya nao eriali.

Nimerudi hewani, 1.815, wati 50.

11 Agosti: mzee bado

Niliacha kwa makusudi kumwambia mzee kwamba nimerudi. Siku ya pili asubuhi nikamkuta kwenye baraza anasubiri nipite.

"Umerudi, ee?"

Mita 41, mluzi, vipande. Safari hii hesabu ni 1.815 mara nne, 7.260, na kweli mshale wa redio yake ulikuwa umesogea upande wa kushoto. Hamoniki ya nne kwenye plagi siioni hata kwa kipimo, na chini ya mkungu vilevile siioni. Yeye anaisikia kwa redio ya betri.

Nikaja na nadharia kwamba redio yake inalewa kwa sababu iko karibu, kama tinySA ilivyolewa. Ilikuwa nadharia nzuri. Nikampa redio yangu kubwa yenye kichujio cha mbele kinachozuia kila kitu chini ya 3 MHz. Mluzi ukabaki. Basi hailewi. Kuna 7.260 halisi hewani, na haitoki kwangu.

Kisha kikatokea kitu ambacho sikukiandika siku ile na ninajuta. Alhamisi ilinyesha, mvua ya kupita. Usiku ule mzee hakusikia kitu. Ijumaa jua likawaka, upepo ukakausha, mluzi ukarudi.

18 Agosti: kanga zinazozungumza na Ulaya

Kijana amekaa kwenye mtambo, kautegesha unatoa herufi V polepole bila kukoma. Mimi na mzee tumetoka na redio yake na tochi. Eriali ya redio imesukumwa ndani yote ili isikie cha karibu tu. Tulianza chini ya waya wangu mwenyewe: kidogo sana. Tukapita kwenye ukuta wa mzee: zaidi. Tukazunguka nyuma, uani kwa Bi Mkubwa wa nyumba ya tatu, na pale redio ikaanza kupiga V kama imemeza spika.

Mzee akasimama. "Hapa hapana mashine."

Hapakuwa na mashine. Palikuwa na jiko la uani la mabati, na waya wa kuanikia nguo kutoka kwenye paa la jiko hadi kwenye mti wa mfenesi. Waya wa chuma, mita 10 na ushei. Mwisho wa upande wa paa umefanywa kitanzi na kutundikwa kwenye msumari wa bati. Niliuangaza kwa tochi kutoka karibu. Msumari ulikuwa umevimba kwa kutu, kahawia kama sukari guru, na pembeni ya kichwa chake kuna utando mweupe wa chumvi. Kitanzi hakikushika chuma, kilikuwa kinakaa juu ya kutu. Niliugusa waya kwa kibanio cha nguo, nikautikisa. Redio ikakwaruza, mluzi ukakata. Nikaachia, ukarudi.

Kutu iliyobanwa kati ya vyuma viwili hupitisha mkondo upande mmoja kwa urahisi kuliko mwingine, kama dayodi mbovu. Mwisho wa eriali yangu ulikuwa mita 12 kutoka pale, na mwisho wa waya ndipo volti zilipo kubwa. Bati na waya wa nguo vikapokea 1.815 safi kabisa, dayodi ya kutu ikaikatakata, na waya wa mita 10, robo ya wimbi kwenye mita 41, ukairusha ya nne. Mvua ikinyesha, maji yanaunganisha kitanzi na msumari. Nguo zikianikwa mbichi, sijui, sikupima.

Bi Mkubwa alitoka kwa sauti ya redio. Nikaeleza niwezavyo, nikiwa nimesimama uani kwake usiku na tochi.

"Yaani kanga zangu ndizo zinazozungumza na Ulaya?"

Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

8 Septemba: kilichofanyika

Waya wa nguo umetoka, imekuja kamba ya nailoni. Misumari iliyovimba upande ule wa paa, kumi na mmoja, nimeing'oa, nikasugua bati, nikapiga mipya yenye kofia ya mpira. Kamba, misumari na msasa sh. 9,500. Kutu nyingine ziko, huwezi kuishi hatua mia mbili kutoka baharini chini ya mabati na ukasema huna kutu. Kwa hiyo nimehamisha na upande wa ulalo: sasa unakwenda kusini kuelekea mnazi wa tatu, shambani, mbali na mapaa. Mkwezi sh. 10,000. Mkwezi huyohuyo, ameshaanza kuniita mteja.

Jumla yote tangu Juni ni sh. 485,500, na kati ya hizo 6,000 za kauri na 65,000 za waya ningeweza kuziokoa: waya chakavu wa kilo ungefaa juu kama ulivyofaa chini.

Usiku wa jana nilirusha saa mbili, 1.815, wati 50 kamili. Mzee alikaa kwenye baraza yangu na redio yake kwenye 7.260, kisha 5.445, kisha 3.630. Kwenye 3.630 tukasikia kitu kidogo, V nyembamba ukishika redio mkononi na kusogea dirishani. Ya pili, 54 chini, naiona nayo ina haki ya kuandikiwa mtego wake. Pete za T106-2 zimebaki mbili.

Saa nne akanyanyuka kwenda kulala. Redio ameiacha kwangu mpaka Jumamosi, anasema nikimaliza hiyo ya 3.6 nimbadilishie na betri.